Nairobi hadi New York kwa ndege: umbali, saa za safari, na hesabu ya maziwa na dawa za mtoto

Mama au mlezi anayejiandaa kumpeleka mtoto Marekani huuliza kwanza, "Ni mbali kiasi gani?" Swali hilo ni zuri, lakini kwa afya ya mtoto kuna jingine lenye uzito zaidi: "Ni saa ngapi hasa, tangu tufunge mlango wa nyumba yetu hadi tufungue mlango wa nyumba tunakokwenda?" Maziwa, nepi na dawa huhesabiwa kwa saa. Na saa zilizoandikwa kwenye tiketi zinaweza kukudanganya.

Makala haya yanaeleza safari kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, na uwanja wa John F. Kennedy (JFK), New York. Kama unaanzia Dar es Salaam, Kampala au Kigali, au unakwenda mji mwingine wa Amerika Kaskazini, namna ya kuhesabu ni ile ile.

Umbali na muda wa kuruka

Kutoka JKIA hadi JFK ni takribani kilomita 11,840 kwa njia iliyo fupi zaidi, yaani kama maili 7,350. Ndege hukatiza Afrika kuelekea kaskazini-magharibi, kisha huvuka Bahari ya Atlantiki.

Ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kati ya miji hii miwili ilianza tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo abiria kwa kawaida walilazimika kubadilisha ndege njiani.

- Kwenda New York moja kwa moja: kama saa 15 angani.
- Kurudi Nairobi moja kwa moja: kati ya saa 14 na 15. Pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo wakati wa kurudi huisukuma ndege, na wakati wa kwenda huipunguzia kasi.
- Kupitia mji mwingine: ongeza saa za kusubiri. Ukipitia London, kwa mfano, utaruka kama saa 9, utasubiri, kisha utaruka tena kama saa 8. Ukisubiri saa 4, tayari ni saa 21.

Kwa nini tiketi huonyesha saa 7 tu?

Tuchukue ratiba ya safari hiyo ilipoanza. Ndege iliondoka Nairobi 23:25 na kutua New York 06:25 asubuhi iliyofuata. Ukitoa kwa haraka, unapata saa 7. Mama anayeamini hesabu hiyo atabeba maziwa ya mara tatu na nepi tano, na vyote vitakwisha ndege ikiwa bado haijafika nusu ya safari.

Ukweli ni kwamba kila saa kwenye tiketi ni ya mahali husika: ya kuondoka ni saa ya Nairobi, ya kufika ni saa ya New York. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 wakati wa baridi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani husogeza saa zao mbele, na tofauti huwa saa 7.

Kwa hiyo, kupata muda halisi wa kwenda:

1. Chukua saa ya kufika iliyo kwenye tiketi.
2. Ongeza 8 (au 7, kulingana na majira). Hiyo ndiyo saa ya Nairobi wakati wa kutua.
3. Sasa hesabu tangu saa ya kuondoka.

Katika mfano wetu, 06:25 ukiongeza 8 ni 14:25, yaani saa 8:25 mchana kwa Nairobi. Kutoka saa 5:25 usiku hadi saa 8:25 mchana ni saa 15.

Wakati wa kurudi tiketi hukosea upande wa pili: safari huonekana ndefu kuliko ilivyo. Ukiondoka New York 12:25 na kutua Nairobi 10:55 kesho yake, inaonekana kama saa 22 na nusu. Toa 8, utabaki na saa 14 na nusu.

Angalia: saa za tiketi si saa zetu za Kiswahili

Tiketi hutumia saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. 06:25 si saa 6:25. Ni saa 12:25 asubuhi. 23:25 ni saa 5:25 usiku.

Kuwa makini zaidi na ndege zinazoondoka baada ya usiku wa manane. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 12, unatakiwa kuwa uwanjani jioni ya tarehe 11. Ukifika usiku wa tarehe 12, ndege itakuwa imeondoka tangu jana. Bibi anayesafiri peke yake na mjukuu aandikiwe siku na saa kwa maneno kwenye karatasi: "Jumatano usiku, uwe uwanjani saa tatu."

Hesabu ya mlango hadi mlango

Sasa weka safari nzima pamoja. Huu ni mfano wa mama anayetoka Nakuru na mtoto wa miezi minane:

- Gari kutoka nyumbani hadi JKIA, pamoja na msongamano: saa 4
- Kuwahi uwanjani, mizigo na ukaguzi: saa 3
- Kuruka: saa 15
- Uhamiaji, mizigo na forodha New York: saa 2
- Gari hadi nyumba ya ndugu: saa 2

Jumla: saa 26. Tiketi ilionyesha 7, ndege inaruka 15, lakini mtoto wako atakuwa safarini 26. Namba hii ya mwisho ndiyo ya kutumia. Andika ya kwako kabla ya kufunga begi, kisha ongeza saa 12 za akiba, kwa sababu ndege huchelewa na mizigo hupotea.

Chakula na nepi

*Mtoto anayenyonya:* endelea kumnyonyesha kila anapotaka. Maziwa ya mama hayahitaji maji ya kuchemsha wala chupa, na hayachachi njiani. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya tu hahitaji maji mengine, hata kama hewa ya ndege ni kavu. Mpe titi mara nyingi zaidi. Wewe mama kunywa maji kila unaponyonyesha. Maziwa uliyokamua yakikaa kwenye joto la kawaida, yatumie ndani ya saa 4.

*Mtoto wa maziwa ya kopo:* kama hula kila baada ya saa 3, saa 26 ni milo 9, na akiba ya saa 12 ni milo 4. Beba unga wa milo 13, kila mlo kwenye kichombo chake kisafi na kikavu. Usichanganye maziwa nyumbani ukayabeba. Maziwa yaliyokwisha kuchanganywa na kukaa bila friji yasipite saa 2; baada ya hapo vijidudu huzaliana na mtoto anaweza kuharisha mkiwa angani. Omba wahudumu wa ndege maji ya moto sana, changanya, yapooze, yajaribu kwenye kifundo cha mkono wako, ndipo umpe. Kinachobaki kwenye chupa mwaga.

*Mtoto anayekula:* beba chakula anachokizoea kisichoharibika haraka. Safari si wakati wa kumwonjesha kitu kipya. Nyama na matunda mabichi yaliyobaki usiingie nayo Marekani, forodha huzuia.

*Ukaguzi:* vimiminika vya zaidi ya mililita 100 huzuiwa kwenye mkoba wa mkononi, lakini maziwa ya mtoto na dawa anazohitaji safarini kwa kawaida huruhusiwa. Yatoe mwenyewe na uwaambie wakaguzi kabla hawajauliza.

*Nepi:* hesabu moja kwa kila saa 3, kisha ongeza za akiba. Kwa mfano wetu, 15 si nyingi. Beba pia nguo mbili za mtoto na blauzi moja yako, kwa ajili ya matapishi.

Dawa: fuata saa ya nyumbani hadi ufike

Hapa ndipo mkanganyiko wa saa unaweza kudhuru. Tuseme mtoto anameza dawa kila baada ya saa 12, saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Dozi ya jioni anapewa mkiwa njiani kwenda uwanjani. Ya asubuhi anapewa angani, saa 7 na nusu hivi baada ya kuruka. Kisha mnatua New York, simu yako inajibadilisha yenyewe, na baada ya nusu saa inaonyesha saa 1 asubuhi. Mama anayefuata simu atampa dozi nyingine, na kumbe zimepita saa 8 tu.

Fanya hivi:

- Vaa saa ya mkononi yenye saa ya Nairobi, na usiibadilishe hadi mfike nyumbani kwa wenyeji wenu.
- Andika kwenye karatasi jina la dawa, kiasi, na saa ya Nairobi ya kila dozi. Weka alama kila unapompa. Hata mwenzako akikupokea mtoto, ataona kilichokwisha kutolewa.
- Dawa ya homa ya parasetamoli: isipungue saa 4 kati ya dozi na dozi, na isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Saa 24 ni za kuhesabu. "Siku" kwenye safari hii ina saa 32.
- Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake halisi, pamoja na barua au kadi ya kliniki. Zisiwekwe kwenye mzigo mkubwa.
- Kama mtoto au wewe mnatumia ARV, dawa za kifafa, za kifua kikuu au insulini, nenda kliniki wiki mbili au zaidi kabla ya safari. Omba dawa za kutosha hadi mpate kliniki mpya, na upangiwe jinsi ya kuhamia kwenye saa za New York bila kukosa dozi wala kuirudia.

Usimpe mtoto dawa ya mafua, ya kikohozi wala ya mzio ili alale. Baadhi ya watoto huchangamka badala ya kulala, na wengine hulala kupita kiasi hadi kupumua kukawa kwa shida. Mtoto anayelia angani ni usumbufu wa muda tu. Mtoto anayeshindwa kupumua angani ni hatari ya maisha.

Masikio, hewa na usingizi ndani ya ndege

*Masikio* huuma zaidi ndege inaposhuka, na huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua. Mnyonyeshe wakati huo, au mpe chupa. Mkubwa kidogo anywe maji kwa mrija au atafune kitu. Kumeza hufungua njia ya hewa ya sikio.

*Hewa* ndani ya ndege ni kama ya mahali palipoinuka mita 1,800 hadi 2,400 kutoka usawa wa bahari. Nairobi yenyewe iko karibu na mita 1,700, kwa hiyo mtoto mzima hapati taabu. Lakini mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu, selimundu, au ugonjwa wa moyo au mapafu anaweza kukosa hewa ya kutosha.

*Usingizi:* uliza shirika la ndege mapema kama wana kitanda kidogo cha kichanga kinachofungwa ukutani mbele ya kiti. Ndege ikianza kutikisika, mtoe humo umpakate. Usimlaze sakafuni, hata kama wengine wanafanya hivyo.

Mama mjamzito na mama aliyejifungua

Kukaa bila kusogea kwa saa 4 au zaidi huongeza takribani mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, kwa mujibu wa utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007. Kwa mtu mzima mwenye afya bado ni nadra, kama mtu 1 kati ya 6,000. Hatari ni kubwa zaidi ukiwa mjamzito, ukiwa na chini ya wiki 6 tangu kujifungua, ukitumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, au kama uliwahi kuganda damu.

- Simama utembee kila baada ya saa moja au mbili mkanda unaporuhusiwa kufunguliwa.
- Ukiwa umeketi, kunja na kunjua vifundo vya miguu mara kwa mara.
- Kunywa maji. Usijinyime ili kuepuka kwenda chooni.
- Muulize daktari kuhusu soksi za kubana. Usimeze aspirini bila kuambiwa.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, hata wiki kadhaa baada ya safari, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mimba ya mtoto mmoja isipite wiki 36 ukiwa bado unatakiwa kuruka. Ya mapacha, wiki 32. Hesabu pia safari ya kurudi. Kuanzia wiki ya 28 mashirika mengi hutaka barua ya daktari au mkunga.

Nani asipande kabla ya kumwona mhudumu wa afya?

Juu ya Atlantiki, uwanja wa karibu wa kutua unaweza kuwa mbali kwa zaidi ya saa moja. Uamuzi wa kusafiri au kutosafiri hufanywa ukiwa ardhini. Ahirisha, umpeleke mtoto akaonwe, kama:

- hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu
- amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri
- anapumua haraka au kwa shida
- ana homa, anaharisha sana, au sikio linamuuma
- ana selimundu, ugonjwa wa moyo, au damu pungufu
- ni mchanga sana. Kabla ya saa 48 tangu kuzaliwa asiruke kabisa, na mashirika mengi hukataa wiki ya kwanza yote. Ukiweza, subiri apate chanjo zake za mwanzo.

Kubadilisha tarehe ya tiketi kuna gharama, tunajua. Piga simu kwa shirika la ndege ukiwa na barua ya daktari mkononi. Mara nyingine hupunguza au huondoa faini.

Mkishafika

Siku za kwanza mtoto ataamka usiku wa manane akitaka kucheza, kwa sababu mwili wake unajua kule nyumbani ni asubuhi. Si ugonjwa, wala hajapatwa na jicho la mtu. Mtoe kwenye mwanga wa jua mchana, punguza taa na kelele usiku, na mwache mwili ujirekebishe kwa siku kadhaa. Mlezi naye alale mtoto anapolala.

Homa ni jambo jingine. Malaria inaweza kuanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine baada ya wiki au miezi. Mtoto akipata homa Marekani, nenda hospitali siku hiyo na useme wazi: "Tumetoka Afrika Mashariki, naomba apimwe malaria." Daktari wa huko huona malaria mara chache. Usipomwambia, anaweza kudhani ni mafua.

Kwa wanaokuja kusalimia nyumbani. Mtoto aliyezaliwa Marekani hana kinga yoyote dhidi ya malaria, hata kama wazazi wake wamekulia Kisumu au Malindi. Nanyi wazazi mliokaa huko miaka mingi, kinga yenu imepungua. Muoneni daktari wiki 4 hadi 6 kabla ya kuja, mpate dawa za kuzuia malaria, na mzimalize hata baada ya kurudi. Bibi na babu, tayarisheni chandarua kabla wageni hawajafika.

Andika namba hizi kabla ya kufunga begi

1. Saa halisi za safari, mlango hadi mlango: ____
2. Ongeza 12 za akiba: ____
3. Gawanya kwa 3: ndiyo milo, na nepi zisizopungua hapo: ____
4. Saa za dozi, kwa saa ya Nairobi: ____
5. Namba ya simu ya kliniki yako na ya mwenyeji atakayewapokea: ____

Mpelekee muuguzi wa kliniki yako karatasi hii aipitie nawe kabla ya siku ya safari. Ni kazi ya dakika kumi, na ni bora aone kilichopungua mkiwa bado nyumbani.